Kisu kilichojifungua mkobani: vijembe vya kukunja vya bei nafuu, na kile ninachokipendelea bila aibu

Basi lilisimama Muheza, na kama ilivyo desturi ya Muheza, machungwa yakaanza kuingia madirishani kabla konda hajakanyaga chini. Nikanunua mfuko wa elfu mbili, yasiyomenywa, kwa kuwa nilikuwa na kisu changu, tena kipya, na mwenye kisu kipya hangoji kazi ya kisu ije, anaizua. Nikatumbukiza mkono mkobani bila kuangalia, kama ninavyofanya kila siku nikitafuta simu au funguo. Kidole cha kati kikakutana na makali kabla hakijakutana na mpini.

Kisu kilikuwa kimejifungua. Naam, kilijifungua chenyewe, humo humo gizani, kati ya leso, chaja na pochi, bila mkunga.

Mama mmoja wa makamo niliyekaa naye alichana kipande cha kitambaa akanifunga kidole, kisha akakichukua kile kisu kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeshika panya. "Mwanangu, hiki ni kisu au nyoka? Kisu hukaa kama kilivyowekwa." Nikaona haya kumjibu. Machungwa akayamenya yeye, kwa kisu chake cha jikoni alichokiviringisha gazeti.

Nilipofika Tanga nikaumwaga mkoba kitandani kwa shangazi kukagua hasara. Waya wa chaja ulikuwa umeliwa hadi shaba inaonekana. Bitana ya mkoba imechanika urefu wa kiberiti. Na ile doti ya kanga niliyomletea, ambayo nilikuwa nimeiweka juu kabisa isibanwe, ilikuwa na tundu katikati ya jina. Imeandikwa "Wema hauozi". Tundu limekula ile h. Shangazi akaisoma kwa sauti bila h, akacheka mpaka akakaa chini, akasema ataivaa hivyo hivyo. Mimi sikucheka, kidole kilikuwa kinapwita.

Nikaandika mistari miwili kuhusu jambo hili, na ujumbe ulionirudia ndio ulionifanya niandike mwongozo mzima. Fundi umeme mmoja kisu kilimfungukia mfukoni akiwa juu ya ngazi. Kaka mwingine kilimfungukia kwenye pikipiki, na mahali kilipomgusa hakutaka kupataja. Dada mmoja mwalimu alikuta kimefunguka ndani ya begi lenye madaftari ya darasa zima. Hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba kisu chake hakikati. Vyote vinakata, na hapo ndipo shida ilipo.

Kwa hiyo humu usitafute habari za ukali. Ukali ni kazi ya jiwe la kunolea, na kisu chochote kipya, hata cha elfu tano, kitamenya chungwa siku ya kwanza. Sizungumzii rangi. Sizungumzii namba za chuma zilizochongwa ubavuni ambazo wauzaji huzisoma kama namba za bahati nasibu. Nina swali moja tu, ambalo sijawahi kusikia mteja akiliuliza dukani: kisu hiki kikiwa kimekunjwa, nini hasa kinakizuia kisifunguke?

Watu huuliza kuhusu loki, na loki ni jambo jema. Lakini loki ya visu vingi vya kukunja inafanya kazi bapa likiwa wazi. Inazuia lisikurudie vidoleni unapokata. Bapa likishakunjwa, loki hiyo imekwenda likizo. Muda mwingi wa maisha yake kisu hiki hukaa kimekunjwa, mfukoni au mkobani, kikitikiswa na daladala, kikikwaruzwa na funguo. Dakika mbili kwa siku kiko wazi. Sisi tunanunua kwa kuangalia zile dakika mbili.

Kile changu nilikipeleka kwa fundi simu wa mtaani kwetu, kwa sababu yeye ana bisibisi ndogo za kila umbo, nikamwomba anifungulie mpini nione. Ndani mna bati jembamba lililopindishwa kidogo. Bapa likiwa wazi, bati linajisogeza nyuma yake na kuliegemea. Hiyo ndiyo loki. Bapa likiwa limekunjwa, kazi inabaki kwa gololi moja, ndogo kama punje ya ulezi, iliyopachikwa kwenye lile bati. Ubavuni mwa bapa hutobolewa kitundu, na gololi inatakiwa idumbukie humo. Ule mkwamo mdogo unaousikia kisu kinapomaliza kujikunja, ile "tk", ndiyo gololi inaingia nyumbani kwake.

Kwenye kisu changu kitundu kilikuwepo. Ila kilitobolewa pembeni kidogo, kama nusu milimita, na gololi haikukifikia. Ilikuwa inateleza tu juu ya chuma, imeacha na mchirizi unaong'aa. Fundi simu akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: "Anti, hapa walikosea shabaha." Nusu milimita, na kanga ya shangazi ikapoteza herufi.

Njia nyingine za kukizuia kisu kilichokunjwa ni tatu. Ya kwanza ni springi ya mgongoni, ile ya vijembe vya babu zetu: kipande cha chuma kinalibana shina la bapa, nawe unasikia kabisa kisu kinakataa kufunguka mpaka ukivute kwa kucha. Ya pili ni msuguano mtupu, yaani pini imekazwa tu na bapa linabanwa na mpini. Hiyo inategemea hali ya hewa, umri wa pini na dua za mwenyewe. Ya tatu ni kizuizi halisi, kinachofunga kisu kikiwa kimekunjwa kama mlango unavyofungwa kwa komeo. Hiyo ya tatu ndiyo niliyokuwa nikiitafuta.

Kabla ya majina, jifunze kupima. Shika mpini wa kisu kilichokunjwa, mfereji unaotokea bapa ukielekea sakafuni, mkono mwingine mbali, kisha kitikise kwa nguvu mara tano kama unayekung'uta maji. Bapa likichungulia hata kidogo, mrudishie mwenyewe. Halafu pitisha leso kwenye mfereji, uivute taratibu kutoka upande wa ncha. Uzi ukinasa, maana yake ncha haijazama vizuri ndani ya mpini, na kitakachonasa kesho ni bitana au nyama. Mwisho, kama ni kile chenye kinundu cha kusukumia kwa kidole gumba, kiguse kile kinundu kwa upande wa kalamu. Kikisogea kwa kalamu, kitasogea kwa waya wa chaja. Nyumbani mimi nina kipimo cha nne: natia kisu ndani ya soksi pamoja na funguo, nafunga fundo, naipiga piga soksi mara hamsini pajani. Watoto wa jirani wameshazoea kuniona.

Na kimbia moja kwa moja visu vyenye springi ya kusaidia kufungua, vile ambavyo ukivigusa kidogo vinamalizia vyenyewe kwa kishindo. Vijana wanavipenda kwa sauti yake. Mimi nilishapata kisu kinachojifungua bila springi. Siwezi kulipa zaidi ili kijifungue kwa bidii.

Sasa orodha. Ya kwanza nitaisema bila kuzunguka, na asiyeipenda anisamehe: Opinel, Mfaransa wa mpini wa mti. Chukua Namba 7 kama ni ya mkoba, Namba 8 kama ni ya shamba na safari.

Ukikiona dukani unaweza kukidharau. Mpini ni mti wa mviringo, wa aina ya beech ya Ulaya, umepakwa vanishi, kama mguu wa kigoda. Bapa ni jembamba, limechongwa nembo ya mkono uliovikwa taji. Hakina kibanio cha mfukoni, hakina skrubu za kuonekana, hakina rangi za kijeshi. Kilitengenezwa na Joseph Opinel huko Savoie, milimani Ufaransa, mwaka 1890, kiwe kisu cha wakulima, na sura yake haijabadilika sana. Kilichobadilika ndicho kinachonifanya nikipigie debe. Mwaka 1955 walikiongezea pete ya chuma shingoni, pale bapa linapokutana na mpini. Pete ina mwanya. Mwanya ukikaa sawa na mfereji wa mpini, bapa linapita; ukiizungusha kidogo, mwanya unahama na bapa linakwama lilipo. Mwanzoni ililizuia bapa likiwa wazi tu. Tangu mwaka 2000 wakaitengeneza izuie hata kikiwa kimekunjwa.

Rudia sentensi hiyo polepole. Unakunja, unazungusha pete, na kisu hakifunguki. Hakitegemei gololi wala springi wala msuguano. Unaweza kukitikisa, kukifinyanga na soksi ya funguo, kumpa mtoto asiyejua akivute, bapa halitoki mpaka pete irudishwe. Changu nimekipiga soksi mara mia mbili, nikakitoa kikiwa vile vile kama kilivyoingia. Siku hiyo niliamua kwamba mjadala umekwisha.

Sasa mitego, maana hata mpendwa ana mambo yake. Visu hivi vina namba kulingana na ukubwa, na pete inaanzia Namba 6 kwenda juu. Vile vidogo, Namba 2 hadi 5, havina pete kabisa. Ni msuguano mtupu. Vinapendeza, ni vya bei ndogo, na kwa kazi yangu havina maana. Namba 6 ina bapa la sentimita 7 hivi, Namba 7 sentimita 8, Namba 8 sentimita 8.5, na hiyo Namba 8 nzima ina uzito wa gramu 45 tu au karibu na hapo. Simu yako ni nzito mara nne.

Mtego wa pili ni chuma. Vipo vya aina mbili. Kimoja kimeandikwa Carbone, kingine Inox. Kile cha Carbone kinanoleka vizuri sana na wapenzi wa visu huapa kwacho, lakini ukikatia ndimu, embe au nanasi kinageuka rangi kuwa cheusi cheusi, na hewa ya bahari inakila kutu ukikisahau na unyevu. Sisi watu wa pwani tuchukue Inox, hicho hakishiki kutu upesi. Mwenye kukaa Iringa na kujua kupaka mafuta achague anachotaka.

Mtego wa tatu ni mti wenyewe. Mti hunywa maji na kuvimba. Masika ikikolea, au ukikiosha kwa kukiloweka kama vijiko, mfereji unabana na bapa linagoma kutoka. Wenyewe huko Savoie wana dawa yao: wanagonga kisigino cha mpini juu ya meza, na bapa linachomoza lenyewe kiasi cha kushikika. Pete iwe imefunguliwa kwanza, la sivyo utagonga mpaka jirani aje kuuliza. Usikiloweke, kifute, kikaushe kivulini, na mara moja moja mpini upakwe mafuta. Mimi naona hata hili la kuvimba ni afadhali: kati ya kisu kinachokataa kufunguka na kinachofunguka bila ruhusa, najua nilale na kipi.

Nafasi ya pili nampa Victorinox, Mswisi mwekundu, ambaye kila mtu anamjua na wengi wanamjua yule bandia. Karl Elsener alifungua karakana yake mwaka 1884, akaanza kuwauzia askari wa nchi yake visu mwaka 1891, na jina la kisu amelitoa kwa mama yake, Victoria, likaunganishwa baadaye na lile neno inox la chuma kisichoshika kutu. Mtu aliyekipa kisu jina la mama yake tayari ana alama zake kwangu.

Huyu anatumia springi ya mgongoni, na springi zake ni za heshima. Kifunge usikie: bapa likifika robo ya mwisho linavutwa ndani lenyewe, "tak". Kile kidogo kabisa, Classic, chenye urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa, kina kisu kidogo, mkasi na tupa ya kucha, kinakaa kwenye funguo na hakina kinundu cha kunasa chochote. Mkasi wake peke yake unalipa bei. Kwa mtu anayefungua vifurushi, kukata nyuzi za nguo na kumenya tunda dogo, anaweza akaishia hapo hapo. Vile vya milimita 91 vina bapa la kutosha kazi halisi, na kopo la maharage halikutishi tena.

Mbona si wa kwanza? Kwanza, kwenye vile vya 58 na 91 hakuna loki ya kulishika bapa kubwa likiwa wazi, kwa hiyo usikitumie kutobolea wala kuchokoa. Ukisukuma vibaya linakukunjia vidole. Pili, unakifungua kwa kucha kupitia mfereji mdogo ubavuni, na kama umetoka saluni jana na kucha za bandia, utapoteza kucha kabla hujaona bapa. (Saluni ninakokwenda kucha moja kuirudishia ni elfu tatu. Weka kwenye hesabu ya kisu.) Tatu, wenye mpini mwekundu na msalaba mweupe wamejaa kila meza ya barabarani, na tisa kati ya kumi nilivyovishika mimi si vyenyewe. Cha kweli kina jina kamili limechongwa kwenye shina la bapa kubwa, herufi kali, hazikupakwa rangi. Bandia mara nyingi kina msalaba tu na maneno ya kujisifu. Na springi yake ukiivuta haikubishii. Inakukubalia kila kitu, kama mchumba anayetaka kitu.

Watatu ni Okapi. Wazee wengi wa pwani na bara wamewahi kuwa nacho, na historia yake inapita kwetu moja kwa moja. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya soko la makoloni ya Mjerumani Afrika, wakati Tanganyika ilikuwa mojawapo. Jina ni la yule mnyama wa misitu ya Ituri, Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemtambua mwaka 1901. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Mpini mrefu uliopinda, wa mti, umepachikwa mwezi na nyota za bati, na mgongoni kuna kipete cha kuvuta kufungulia loki. Ukikikunjua kinalia "krr, krr, krr", na ukumbi mzima unajua una kisu.

Kwa bei yake ni kisu cha kazi kwelikweli: kamba za mkonge, viroba, miwa, kuchuna mbuzi. Chuma chake kinashika kutu, kwa hiyo mafuta ni lazima. Kuhusu kubaki kimefungwa, kuna springi mgongoni, nawe mnunuzi upime kimoja kimoja kwa kutikisa, usichukue cha juu kwenye boksi. Nimekiweka nafasi ya tatu kwa sababu ya mkoba tu: mpini ni mrefu, umepinda, na kina sifa ya mjini huko Afrika Kusini ambayo si ya machungwa. Askari wa getini akikiona hataki hadithi.

Wanne ni Wachina wenye jina, kama Ganzo. Usicheke, siyo kila cha China ni kile changu. Modeli zao nyingi zina pini ya chuma inayovuka mpini kutoka upande hadi upande, imesukumwa na springi mbili, na pini hiyo inalikalia bapa likiwa wazi na kulivuta likiwa limekunjwa. Ni ufundi mzuri. Lakini vina vinundu, vina vibanio, na skrubu ya katikati yafaa kukaguliwa kila baada ya muda. Fundi umeme wa kwenye ngazi nimemwelekeza huku, kwa kuwa yeye anahitaji kufungua kwa mkono mmoja.

Vya kumwagwa barabarani, vya elfu tano hadi kumi na tano: pima kwa kutikisa, nunua kikipona, kaza pini, kifunge raba. Nimemaliza.

Niseme sasa kuhusu wauzaji, maana nimejizuia vya kutosha. Kile kisu cha Muheza nilikinunua Kariakoo kwa 12,000, kutoka kwenye kabati la kioo lenye kufuli kubwa kuliko la stoo. Niliomba nikishike. Kaka akaniambia, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Nikamuuliza nitajuaje kama ni kizuri. "Hiki orijino, Mjerumani huyu." Ubavuni kimechongwa jina la mji wa Marekani. Chini ya boksi, kwa herufi za mchwa, kimetengenezwa China. Mjerumani mwenye pasi tatu. Na hapo ndipo vilipoanza vijembe juu ya kijembe: una ugomvi na shemeji? Kisu cha nini kwa mtoto wa kike? Mwenzake wa pembeni akaongezea kwamba nikatafute cha jikoni, kule kwenye masufuria. Kaka aliyekuwa nyuma yangu alinunua kama hicho hicho kwa 8,000, na yeye boksi alifunguliwa, akakichezea, akakikunja na kukikunjua, hakuna aliyemuuliza habari za mke.

Niliporudi nikiitafuta Opinel nikakutana na mambo mengine. Duka moja la vitu vya wageni hapa Dar lilinitajia 95,000 kwa Namba 8. Ufaransa kisu hicho kinauzwa yuro kumi na kitu. Nilipopiga hesabu siku ile ilikuwa kama 40,000 ya kwetu. Nikauliza zile 55,000 nyingine ni za nini. Ushuru, dada. Usafiri. Nikamwambia kina gramu 45, kimesafiri daraja la kwanza? Akakirudisha kabatini bila kusema neno.

Muuzaji wa mtandaoni ndiye aliyenimaliza. Alitangaza Namba 7 kwa 60,000, picha inaonyesha pete, nikalipa. Kikaja kisu kidogo kizuri, kimefungwa kwenye karatasi ya zawadi, shingoni hakuna kitu. Namba 5. Nikampigia. "Anti, ile pete ni urembo tu, makali ni yale yale." Urembo! Nilikaa na simu sikioni nikitazama kovu kwenye kidole changu cha kati. Hela hajarudisha hadi leo, ila kila Ijumaa ananitumia picha za bidhaa mpya pamoja na dua. Kwa hiyo ukinunua kwa mtu wa mtandaoni, mwambie akupigie picha ya shingo ya kisu kile kile atakachokutumia, pete ikiwa imezungushwa. Na ukikuta Opinel ya mtumba, kikunje, zungusha pete, jaribu kulivuta bapa. Likitoka, ni cha kabla ya mwaka 2000 au pete imelegea. Shusha bei au kiache.

Mdogo wangu aliyeko Uingereza ameniharibia orodha. Kule sheria inaruhusu kutembea bila kujieleza na kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasizidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na loki, uwe na sababu ya maana ya kukibeba siku hiyo. Pete ya Opinel ni loki. Kwa hiyo mlioko huko geuzeni: Mswisi mdogo mbele, Mfaransa abaki jikoni. Kwa sisi wa huku, jua tu kwamba mwenye kupekua mikoba mlangoni, iwe maduka makubwa ya Nairobi au mahakamani au uwanja wa mpira, hatasikiliza habari za machungwa. Siku za kwenda sehemu hizo naacha kisu nyumbani, nanunua yaliyomenywa.

Kile cha Kariakoo bado ninacho. Kiko kwenye droo ya jikoni, kimefungwa raba mbili za mchicha, nakitumia kukatia nailoni za unga. Binamu anakuja Desemba kutoka Lyon, nimemwagiza Namba 7 mbili, Inox, moja yangu ya akiba na moja ya shangazi, ambaye baada ya kucheka kote kule sasa naye anataka. Nimemwambia azungushe pete zote mbili kabla hajafunga mzigo, aviweke kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi, na risiti asiitupe, nataka kwenda nayo kule dukani kwa 95,000.